Pombe Imeisomesha Dunia, Chachu Zake Zisomwe Nyumbani

Asubuhi yoyote ile, mtu akipita katika mitaa inayolizunguka soko la Kariakoo, Tandamti au Mkunguni, atakuta magunia ya nafaka yamefunguliwa midomo: mahindi, mtama, uwele na ulezi. Wanunuzi wa ulezi ni wa namna mbili. Wako akina mama wanaotafuta unga wa uji wa watoto, na hao hutaka ulezi uliochambuliwa vizuri. Wako na wengine ambao huchota punje kiganjani, huzipuliza, huzinusa, kisha humwuliza mwenye gunia kama mzigo ni wa mavuno ya mwaka huu. Kwa maana ulezi uliokaa mno hauoti, na usioota hautoi kimea. Hawa ni wapishi wa togwa na pombe. Wakifika kwao, Buguruni, Vingunguti au Manzese, watauloweka ulezi huo, watauotesha, watauanika na kuusaga. Siku ya kupika watachukua mashapo yaliyosalia katika chungu cha mara iliyopita, watayatia katika uji uliokwisha kupoa, watafunika na kungoja.

Yaliyomo katika mashapo hayo ndiyo yaliyowafikisha wataalamu wa Ulaya kwenye tuzo kubwa kabisa za sayansi, na ndiyo ambayo hapa nchini humwagwa mferejini kila siku bila ya mtu kuuliza yanaitwaje.

Chachu si unga wala dawa, ingawa dukani huuzwa katika pakiti kama unga. Ni viumbe hai vya jamii ya kuvu, kila kimoja kikiwa ni seli moja tu, vidogo mno kuonekana kwa macho matupu. Vinakula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ile inayoumua mandazi na kutoa povu katika pombe. Kiswahili kimezitambua kazi zake zamani sana kwa maneno yake chenyewe: unga huumuka, togwa huchacha, tembo hukolea. Wapishi wa zamani wa pwani waliumulia unga wao kwa tembo la mnazi kabla ya hamira za pakiti kufika madukani. Walikuwa wakihamisha viumbe hai kutoka kibuyuni kwenda katika bakuli la unga, na walijua kwa uzoefu kwamba tembo la asubuhi halifanyi kazi sawa na la jioni.

Mwaka 1893, mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Paul Lindner, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aliandika habari za chachu mpya aliyoipata katika mashapo ya pombe ya nafaka kutoka Afrika ya Mashariki. Wakati huo Wajerumani walikuwa wameitwaa Tanganyika kwa miaka michache tu, na meli zao zilikuwa zikichukua kila kitu kutoka pwani hii: pembe, mpira, mafuvu, mimea, hata tope la chini ya mtungi. Lindner aliona kwamba chachu ile haifanani na chachu zilizojulikana Ulaya. Chachu ya mkate na bia huzaliana kwa kuchipua, seli changa ikitokeza ubavuni mwa mama yake kama chipukizi la mgomba. Ile ya kutoka huku ilikuwa ndefu kama kidonge cha vidole viwili, na ilipotaka kuzaliana ilijijengea ukuta katikati na kupasuka kuwa mbili zilizo sawasawa. Akaiita Schizosaccharomyces pombe. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni Kigiriki, maana yake ni kuvu ya sukari inayopasuka. Sehemu ya pili haihitaji kufasiriwa kwa mkazi yeyote wa Dar es Salaam.

Basi tangu mwaka ule neno la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya viumbe vya kila lugha. Mwanafunzi wa Tokyo au Edinburgh hulitamka neno pombe kila siku ya kazi, aghalabu bila ya kujua kwamba ni neno la watu wanaolitumia sokoni.

Jina peke yake lisingekuwa habari kubwa. Viumbe vingi vimepewa majina ya nchi ambazo havikuzinufaisha kwa lolote. Habari kubwa ni kazi iliyofanywa na chachu hiyo, na kazi hiyo haieleweki bila ya kueleza kwanza jinsi chachu zinavyooana.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani kwamba chachu hujigawa tu, mama akiwa sawa na mtoto milele, na kwa hiyo hakuna namna ya kuzichanganya mbegu zake kama mfugaji anavyochanganya ng'ombe wa kienyeji na wa kigeni. Katika miaka ya 1930, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Copenhagen, Øjvind Winge alionyesha kwamba sivyo. Chachu zina ndoa. Zinaishi ama na fungu moja la kromosomu, zile nyuzi zibebazo urithi, ama na mafungu mawili. Na hutoka hali moja kwenda nyingine kwa seli mbili kuungana na kuwa moja. Kijana wa Kiswisi, Urs Leupold, alifika Copenhagen baada ya Vita Kuu ya Pili, na badala ya kuifuata chachu ya bia iliyokuwa imepata wasomi wengi, alichagua ile yenye jina la pombe. Mwaka 1950 alichapisha matokeo yake, na kuanzia hapo elimu ya urithi wa chachu hiyo ikawa na msingi.

Alichokiona Leupold kinaweza kuelezwa kwa lugha ya nyumbani. Chachu hiyo ina jinsi mbili, ambazo wataalamu huziandika kwa alama ya kujumlisha na alama ya kutoa. Maadamu chakula kipo, hazina haja ya kuoana. Kila moja hujipasua kwa saa mbili tatu na kuendelea na maisha. Nitrojeni ikiisha, yaani njaa ikiingia, kila jinsi hutoa harufu yake ya wito. Mbili zilizo jirani hurefuka kuelekeana, hugusana, ukuta ulio kati yao huyeyuka, na miili miwili inakuwa mmoja. Viini vyao navyo huungana. Mara urithi wa pande zote mbili huchanganywa na kugawanywa upya, na ndani ya mfuko mmoja hutokea spora nne, ngumu, zenye uwezo wa kungoja siku za neema.

Spora hizo nne ndizo hazina ya mchunguzi. Kwa sindano nyembamba ya kioo chini ya hadubini huzitenga moja moja, huziotesha, na kuangalia kila mtoto amerithi nini. Ikiwa mzazi mmoja alikuwa na kasoro inayomfanya ageuke mwekundu kama hina katika chakula cha maabara, na kasoro hiyo kweli iko kitu kimoja katika urithi wake, basi watoto wawili watakuwa wekundu na wawili weupe. Si watatu, si mmoja. Kwa kurudia hesabu hiyo mamia ya mara, mtu huweza kuchora ramani ya urithi wa kiumbe bila ya kuuona urithi wenyewe. Kazi hii yataka subira kuliko fedha.

Kwa njia hiyo Paul Nurse, Mwingereza aliyejifunza kwa Leupold mjini Bern na kisha akafanya kazi Edinburgh katika maabara ya Murdoch Mitchison, aliitafuta katika miaka ya 1970 sehemu ya urithi inayoiamuru seli ijigawe. Aliikuta katika jeni iliyopewa jina la cdc2. Swali lililofuata lilikuwa zito: je, amri hiyo ni ya chachu peke yake? Mwaka 1987 Nurse na mwenzake Melanie Lee walichukua chachu ambazo jeni yao hiyo ilikuwa imeharibika, wakaziingizia vipande vya urithi wa binadamu. Chachu zilizopata kipande kinachofaa zilipona na kujigawa. Seli ya chachu ya jina la pombe ilikuwa imeielewa amri ya mwili wa mwanadamu. Nurse alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt, na mwaka uliofuata urithi mzima wa chachu hiyo ulichapishwa: kromosomu 3, na jeni zisizofika 5,000. Utafiti wa saratani, ambayo ni ugonjwa wa seli zisizotii amri ya kusimama, umejengwa kwa sehemu juu ya kiumbe hicho.

Hapa hapana budi kusema jambo ambalo wenye kujivunia jina hupenda kuliruka. Chachu aliyoitumia Leupold, na ambayo kizazi chake kimeenea katika karibu maabara zote za dunia, haikutoka Afrika ya Mashariki. Jina ni lile la Lindner, kwa kuwa ni jamii moja. Lakini mbegu yenyewe ilitolewa katika ghala la chachu la Delft, Uholanzi, na asili yake ni maji ya zabibu ya Ulaya. Ukweli huu usimvunje moyo mtu, ila umfunze jambo moja. Leupold hakuhitaji kusafiri hadi pwani ya Uswahili kwa sababu Waholanzi walikuwa na ghala. Mtu aliyeikuta chachu ndani ya zabibu miaka ishirini na kitu kabla yake hakujua itatumika kwa nini. Aliihifadhi tu, ikaandikwa namba, ikangoja. Huku kwetu jina lilikwenda Ulaya na mashapo yakabaki kumwagwa.

Lipo na tawi la pili la elimu hii, ambalo lafaa kutazamwa kwa makini zaidi na nchi isiyo na fedha nyingi. Ndoa ya kawaida ya chachu ina masharti: jinsi lazima zitofautiane, na wazazi lazima wawe wa jamii moja au jamii za karibu. Chachu nyingi za kazi, zile zinazopika pombe na kuumua mikate, ni tasa au haziolewi kwa urahisi. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Hungaria, wakiongozwa na Lajos Ferenczy wa mji wa Szeged, walipata njia ya kuzilazimisha. Kinachozuia seli mbili kuungana ni ukuta wake mgumu. Ukuta huo ulikwisha kujulikana kuwa huyeyushwa na maji ya tumbo la konokono, mnyama ambaye kazi yake ya kila siku ni kusaga kuta za mimea. Jambo hilo lilithibitishwa kwa chachu nchini Uingereza mwaka 1957. Seli iliyovuliwa ukuta huwa tone laini tu, nalo ndilo liitwalo protoplasti. Ikiwekwa katika maji matupu hupasuka, kwa hiyo huwekwa katika maji yenye chumvi au sukari ya kadiri. Kisha hutiwa polietilini glikoli, kitu kinachotumika pia katika dawa za kulainisha choo, na matone hayo hugandamana na kuungana.

Mwaka 1977 Ferenczy na mwenzake Matthias Sipiczki waliunganisha kwa namna hiyo chachu za Schizosaccharomyces pombe za jinsi moja, seli ambazo zenyewe zisingeoana hata zife njaa. Namna ya kuwatambua walioungana ilikuwa ya werevu. Mzazi mmoja hakuweza kujitengenezea kirutubisho fulani, na wa pili hakuweza kujitengenezea kingine. Katika chakula kisicho na virutubisho vyote viwili kila mmoja peke yake hufa. Ni kama majirani wawili, mmoja ana chungu hana kuni, mwenzake ana kuni hana chungu: nyumba itakayofuka moshi jioni ni ile waliyokubaliana kupika pamoja.

Njia hii isitukuzwe kupita kiasi. Seli zilizounganishwa kwa nguvu mara nyingi hazitulii. Hupoteza kromosomu kizazi hadi kizazi, na mchunguzi aliyetaka chachu yenye sifa ya baba na ya mama huweza kuamka siku moja akakuta sifa za mmoja tu. Mtu hachagui ni jeni gani iingie na ipi ibaki nje, na katika hilo ufundi mpya wa kukata na kubandika jeni umeipita mbali. Lakini miungano isiyopangwa na mtu imeleta mambo makubwa. Bia ya aina ya lager, inayonywewa katika baa za Ilala na Magomeni kama inavyonywewa Munich, hupikwa kwa chachu ambayo ni chotara: upande mmoja ni ile ile ya mkate, na upande wa pili ni chachu ya porini inayostahimili baridi, ambayo ilitambuliwa mwaka 2011 tu katika misitu ya Patagonia, Argentina. Muungano huo ulitokea wenyewe katika mapipa ya Ulaya karne kadhaa zilizopita. Maabara imejifunza kufanya kwa siku chache jambo ambalo mapipa yalilifanya kwa bahati.

Swali sasa ni hili: Tanzania ina chachu gani za kuunganisha, na nani anazijua?

Jibu lililopo ni la kutia moyo kwa kiasi, na la kusikitisha kwa kiasi. Mwaka 2003 J. K. Mugula wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzake wa Norway, walichapisha uchunguzi wa togwa. Walikuta ndani yake bakteria wa maziwa ya mgando wa namna kadhaa, na chachu zisizopungua jamii nne, ikiwamo ile ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, na nyingine iliyojulikana wakati huo kwa jina la Issatchenkia orientalis. Miaka michache baadaye, mwaka 2010 na 2012, watafiti wa Gothenburg, Sweden, walichapisha habari za chachu zilizotoka katika togwa ya Tanzania. Jambo walilolitafuta ni la maana kwa kila mama wa Kariakoo anayenunua unga wa uji. Nafaka zina madini ya chuma na zinki, ila ndani yake mna kitu kiitwacho fitati ambacho huyafunga madini hayo, na mtoto akala akashiba bila ya mwili wake kupata chuma. Zipo chachu za togwa zenye kimeng'enya cha kuvunja kifungo hicho. Mojawapo, iliyoandikwa kwa namba TY13, ilionekana kuwa hodari mno kwa kazi hiyo. Upungufu wa damu kwa watoto na kwa wajawazito ni tatizo kubwa nchini, na dawa moja ya kusaidia, ingawa si dawa ya pekee, imo katika chungu cha bibi.

Lakini TY13 ni ya jamii ile ile iliyoitwa Issatchenkia orientalis, na ambayo sasa huitwa Pichia kudriavzevii. Hospitalini kiumbe hicho kina jina la tatu, Candida krusei, na huweza kuwashambulia wagonjwa ambao kinga zao zimedhoofika sana. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi wa urithi wao uliothibitisha kwamba mpishi na mdhuru ni jamii moja, hawana mpaka. Hii haina maana kwamba togwa ni hatari, vizazi vimeinywa. Ina maana kwamba haitoshi kusema chachu ya kienyeji ni njema kwa kuwa ni ya kienyeji. Hapana budi ijulikane ni chachu gani hasa, ina jeni zipi, ipi itunzwe, ipi iachwe, na ipi iunganishwe na ya mkate, ambayo imekwisha kuzoeleka, ili sifa ya kuvunja fitati ihamie kwa kiumbe kisicho na shaka. Kazi hiyo ndiyo elimu ya urithi wa chachu, na haiwezi kufanywa na mtu ambaye hana chachu mkononi.

Na chachu zenyewe zinapungua. Mpishi wa mjini ana haraka kuliko mama yake aliyekuwa kijijini. Wateja wanangoja, kuni na mkaa ni ghali, na duka la jirani lina pakiti za hamira zilizoandikwa majina ya nchi za mbali. Wapo wanaotia kijiko cha hamira hiyo katika chungu ili kichache upesi, na mtu hawezi kuwalaumu. Ila chachu ya kiwandani ikiingia chunguni hula sukari kwa kasi na kuwasonga wenyeji. Chungu kikirudiwa mara tano sita kwa mashapo hayo, aliyekuwamo kwanza huenda amekwisha. Bibi aliyeleta mashapo yake kutoka Songea au Sumbawanga akifariki, na wajukuu wasipopika, ukoo mzima wa viumbe unakufa naye. Soko kuu la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 liliungua Julai 2021, na watu walihuzunika kwa haki. Lakini ramani zilikuwapo, na jengo hujengwa tena. Ukoo wa chachu hauna ramani.

Wako watakaosema kwamba kuandika hivi ni kuusifu ulevi. Hoja hiyo yastahili heshima, hasa Kariakoo, mahali penye misikiti mingi na familia ambazo hazikuwahi kuingiza kileo nyumbani mwao. Nani asiyejua nyumba iliyobomoka kwa sababu ya pombe? Hata hivyo chachu haimlazimishi mtu kunywa. Ni hiyo hiyo inayoumua kitumbua cha asubuhi na mkate wa kumimina wa futari, na togwa hunywewa na watoto wadogo. Wengine watasema kwamba nchi yenye zahanati zisizo na dawa haina haki ya kushughulika na kuunganisha seli. Hao wakumbuke kwamba Leupold alihitaji hadubini, sindano ya kioo, sahani za chakula cha chachu na daftari. Muungano wa protoplasti unahitaji zaidi ya hapo mashine ya kuzungusha, vimeng'enya na chumvi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Biolojia ya Molekuli na Bayoteknolojia, na kutoka lango lake hadi magunia ya ulezi ya Tandamti ni safari ya basi moja au mawili. Hakuna anayedai kujengwa kwa jumba jipya la kioo.

Kinachodaiwa ni ghala. Mbegu za mimea zina kituo chao cha kitaifa cha kuhifadhi Arusha, na hakuna mtu anayekiona kituo hicho kuwa anasa. Mji wa Norwich, Uingereza, unahifadhi chachu zaidi ya 4,000, nyingi zikiwa za viwanda vya bia ambavyo vimekwisha kufungwa. Wenye navyo wamekufa, chachu zao zingali hai na zinauzwa kwa wanaozihitaji. Chachu za mbege ya Kilimanjaro, inayopikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi na kutiwa uchungu wa gome la msesewe, za ulanzi wa Iringa unaogemwa katika mianzi, za tembo la mnazi la Mafia na Bagamoyo, nazo zastahili namba na mahali pa kulala.

Pia liko suala la haki. Mkataba wa Rio wa mwaka 1992 juu ya viumbe hai, ambao Tanzania ni mwanachama wake, umetamka kwamba viumbe vya nchi ni mali ya nchi, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 imeeleza jinsi faida zitakavyogawanywa. Maneno hayo ni mazuri. Lakini mtu huwezaje kudai fungu lake la kitu ambacho hakukiandika? Mgeni akija na chupa yake, akachukua kijiko cha mashapo Manzese, akakuta ndani yake kimeng'enya cha thamani, nchi itathibitishaje kwamba kilitoka hapa, ikiwa haina hata orodha? Watafiti wa Sweden na Norway walisema wazi chachu zao zilikotoka, na wanastahili shukrani kwa uungwana huo. Sera ya Taifa haijengwi juu ya uungwana wa wageni.

Na haki haiishii mpakani mwa nchi. Wenye ujuzi huu ni wanawake, na wengi wao ni maskini. Enzi ya Mwingereza pombe ya kienyeji mjini ilihitaji leseni na mahali palipoidhinishwa, na mama aliyeuza uani kwake alikimbizwa na askari. Ni akina mama wa namna hiyo, wauza pombe na wauza vitumbua, ambao historia iliyoandikwa na Susan Geiger mwaka 1997 inawaonyesha miongoni mwa waliojitokeza mapema kuunga mkono harakati za uhuru hapa Dar es Salaam. Baada ya hapo hakuna aliyewauliza tena wanajua nini. Mtaalamu atakayekwenda kwao na chupa hana budi kukaa kwanza, kusalimu, kuuliza chungu kilitoka wapi na nani alikianzisha, na kuliandika jina la mpishi kabla ya jina la Kilatini, na siku faida ikipatikana arudi.

Kazi ya mwanzo ni ndogo hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu aweza kuianza. Kijiko cha mashapo hunyunyizwa katika sahani yenye chakula cha chachu, na baada ya siku mbili tatu hutokea vituo vidogo, vyeupe, vya maziwa, vingine vinang'aa na vingine vina mikunjo. Kila kituo ni ukoo wa seli moja. Hutengwa, hutazamwa kwa hadubini kama kinachipua au kinapasuka, na huhifadhiwa. Friji la baridi kali likikosekana, au umeme ukiwa na desturi ya kukatika, chachu huweza kukaushwa juu ya kipande cha karatasi safi, ikafungwa pasipo na unyevu na kuwekwa mahali pa ubaridi, nayo ikakaa miaka. Juu ya bahasha huandikwa mtaa, nafaka, tarehe na jina la mama aliyepika. Na ikiwa katika mojawapo ya sahani hizo mwanafunzi ataona seli ndefu kama vidonge, zinazojijengea ukuta katikati na kupasuka kuwa mbili zilizo sawasawa, atakuwa ameikuta ile aliyoiona Lindner, ikiwa nyumbani kwake.